Punje iliyofika Kampala kabla yangu

Mama mshauri mpendwa, nisaidie, maana karatasi moja ya vipimo vya labo inanivunjia nyumba na bado siachi kuistaajabia. Mimi ni mjane, mkazi wa Mususa, mume wangu Siméon aliuawa katika vita mwaka 1998, ni miaka minne sasa, na tangu hapo sijamjua mwanaume mwingine, Mungu ni shahidi. Nilitokwa damu isiyo ya mwezi, daktari akakata kipande kwenye mlango wa kizazi, kidogo kama punje ya mtama, akakitia ndani ya chupa, na kwa kuwa posta yetu ilikufa nikampa shemeji yangu Phinées, anayenunua vitenge Kampala, akakibeba kati ya mizigo yake mpaka maabara. Huko, daktari alinieleza, mashine inazidisha alama za virusi ambazo hata darubini haizioni, mara mamilioni, mpaka zijulikane ni za aina gani. Mimi sijavuka mpaka hata siku moja, na punje yangu imekwenda kusema siri nisiyoijua mwenyewe!

Lakini Phinées aliporudi, askari wa barrière, kizuizi cha njiani, walifungua bahasha ya majibu, naye akasoma: virusi vya papilloma, vinavyopita kwa kulala pamoja. Akaniuliza mbele ya mama mkwe: "Kaka alikufa, ni miaka mine. Huu mududu ulitosha wapi?" Yaani niliutoa kwa nani. Wanataka niape kanisani kwanza, la sivyo watamchukua Jokébed, binti yangu wa miaka sita. Daktari naye anataka niwe hospitalini Beni kabla mwezi haujaisha, sehemu iliyoharibika ikatwe isigeuke kansa. Na jambo hili naona haya kulisema: kama ni virusi vya Siméon, ndicho kitu cha mwisho cha mwili wake kilichobaki ndani yangu, na moyo wangu hautaki kitolewe. Nifanye nini?

Kaswera, Mususa

Kaswera, pole, sasa keti nikugombeze. Siri ya kizazi unampa shemeji aichanganye na vitenge! Haya, yamekwisha. Mashine hiyo hata mimi inanitetemesha, lakini imeona virusi tu, haikumwona mwanaume. Haiandiki jina wala tarehe. Nilimuuliza muuguzi Kavuo, akaniambia: "Mais, lakini hii kitu inaweza kulala mu mwili miaka mingi, mutu hapana kujua. Hata mwenye aliipitisha hakujua."

Kwa hiyo usiape popote, wewe ni mgonjwa, si mshtakiwa. Kesho mpeleke mama mkwe kwa daktari ayasikie haya kwa masikio yake. Jokébed abaki kwa mtu unayemwamini wewe. Na Phinées, aliyekuwa hodari wa kubeba chupa, akusindikize Beni, mchana, pamoja na magari mengine, maana njia si salama.

Kuhusu Siméon, usione haya, mwanangu, nililia niliposoma. Lakini alichokuachia cha mwili wake kina miaka sita na kinakuita mama. Hicho kingine mwachie daktari akikate. Jumatatu uwe njiani.