Sweta la Kuanzia Shingoni

Jumatatu, 20 Oktoba

Mvua tangu alfajiri. Nimepika uji, nimemvisha Mama soksi, nimekaa dirishani na sindano zangu. Sweta la mjukuu limefika kwapani. Uzi wa njano, mpya, laini. Nimezunguka mji mzima kuupata. Naanzia shingoni nashuka, vile Mama alivyonifundisha, ili mtoto akirefuka nifungue pindo niongeze huku chini. Akika imesogezwa hadi Jumapili ya tarehe mbili, baba mtoto arudi safari. Muda upo.

Nimetoka kununua mkaa tu, hapo chini. Kurudi, sindano ziko mezani, tupu. Mama amekaa na donge la uzi mapajani, ametulia tuli. Kafumua lote. Nimesimama mlangoni na mfuko wa mkaa mkononi kama mjinga. Miezi sasa hajataja jina langu. Ananiita "wewe binti", kama msichana wa kazi. Nitamweleza habari za sweta?

Jumanne, 21 Oktoba

Nimeanza upya. Shingo, mabega. Nimelificha juu ya kabati.

Jumatano, 22 Oktoba

Kalipata. Kapanda kiti! Mwanamke asiyekwenda chooni bila kushikwa mkono. Kafumua, na hili ndilo limenimaliza: kaufua uzi kwa sabuni ya unga, kauning'iniza kwenye kamba ya nguo, jiwe chini. Mvuani.

Najua anachofanya. Ndivyo tulivyokua kule mtaani Biryogo. Alikuwa ananunua sweta kuukuu za chaguwa, mitumba iliyotoboka viwiko, anazifumua, anafua uzi, anaufungia jiwe ili unyooke. Ukikauka anafuma sweta za watoto wa shule. Mimi na mdogo wangu Hamisi tumelishwa na uzi huo. Sasa kila sweta analoliona ni kuukuu, linangoja kufumuliwa.

Najua. Kujua hakunisaidii chochote. Nina hasira mpaka meno yananiuma.

Alhamisi, 23 Oktoba

Uzi umekauka. Umeota vinyweleo, hauna tena ule ulaini. Nimefuma hivyo hivyo.

Salma kapiga simu. Anasema, Mama, usijisumbue, nunua la dukani, kwani kule kiwandani Masoro tunashona marundo kila siku. Binti yangu huyo. Kazaa juzi, kachoka, sikumjibu vibaya. Lakini limeniingia. Mjukuu wangu wa kwanza avae sweta la duka, na mimi bibi yake nimezeeka na sindano mkononi? Haiwezekani.

Ijumaa, 24 Oktoba

Kafumua wakati naswali adhuhuri. Niko kwenye mswala, nasikia uzi unatoka nyuma yangu, trrr, trrr, na siwezi kukatiza sala. Nimemaliza rakaa sijui nimesoma nini. Astaghfirullah.

Jumamosi, 25 Oktoba

Umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi. Mtaa mzima tulikuwa kwenye mfereji na majembe, tunazoa tope. Sweta nililiweka ndani ya sufuria kubwa, nikafunika, juu yake nikapanga sahani. Ningefanya nini zaidi, nilizike?

Nimerudi, sahani ziko sakafuni, zimepangwa vizuri. Donge mapajani.

Nimepiga kelele. Nimemwambia ameniharibia, ananiharibia kila siku, nimechoka naye. Kaficha mikono chini ya kitenge. Akawa ananiangalia tu. Nikaendelea kupiga kelele. Jirani kachungulia juu ya ukuta na tope lake usoni, nikamwambia afunge mdomo na yeye, maskini hata hakuwa ameufungua.

Kisha nimempigia Hamisi huko Rwamagana. Nimemwambia, njoo umchukue mama yako. Akasema, sawa dada, nitakuja kwenye akika, jioni nitarudi naye. Ana mke mzuri, ana uwanja, ana mbuzi. Hakuna mtu anayefuma kule.

Vizuri.

Jumapili, 26 Oktoba

Sijutii.

Jumatatu, 27 Oktoba

Wazo limenijia nikiwa napiga mswaki, nikajiona nina akili kweli. Nimpe za kwake! Nimeshuka sokoni Kimisagara, nimenunua sweta tatu za chaguwa, haraka haraka, mvua inakuja, muuzaji ananisukumia tu. Kijivu, nyekundu, moja ya mistari. Nimemwekea Mama mapajani. Shughulika, nikamwambia.

Kazichukua moja moja. Kageuza ndani nje. Kapitisha kidole kwenye mshono wa ubavuni, taratibu, kisha kaziweka pembeni zote tatu. Akanyoosha mkono kwenye sweta la njano, nililoanza tena jana.

Nami nikageuza, nikatazama. Aibu gani hii. Zimekatwa kwa mkasi kiwandani, kingo zimefungwa na mashine. Sweta la namna hiyo ukilifumua unapata vipande vipande, hakuna uzi. Jambo la kwanza alilonifundisha sokoni, kabla sijaanza shule: geuza, shika mshono. Nimelisahau mimi. Yeye aliyesahau jina langu hakulisahau hilo.

Nilitaka kucheka, hasira ikawahi. Nimezitupa sweta zote kwenye kapu la matambara.

Jumatano, 29 Oktoba

Nafuma chumbani, mlango nimeufunga kwa ufunguo. Kazi inakwenda. Mgongo umekwisha, mkono mmoja umekwisha. Nilipaswa kufurahi.

Yeye kaweka kiti nje ya mlango wangu, kakaa. Kila nikitoka namkuta vidole vinatembea mapajani, vinavuta hewa. Pindo la shuka lake amelitoa nyuzi lote. Ugali hakugusa. Nimemlisha uji kwa kijiko, nusu umeishia kwenye kanga.

Nimechoka. Nimechoka na uzi, na mvua, na kuulizwa na kila jirani "Mama yu hali gani" na mtu asingoje jibu.

Ijumaa, 31 Oktoba

Sweta limekwisha. Vifungo vitatu vya mbao. Ule mwisho wa uzi nimeuficha ndani ya pindo, nimeupitisha kwa sindano huku na huku mpaka hauonekani. Ni zuri. Nimelitandika kitandani nikalitazama, na sikusikia kitu. Nilidhani nitasikia kitu.

Nimemfungia Mama begi lake. Kanga, dawa, soksi nne nilizomfumia. Hizo hajawahi kuzifumua. Sijui kwa nini. Labda kwa kuwa ziko miguuni.

Jumapili, 2 Novemba

Akika imefanyika hapa kwangu, Salma chumba chake kule Masoro hakitoshi watu. Mbuzi, pilau, wakwe wamekuja wamependeza. Shehe kasoma dua, mtoto akalala muda wote. Kavaa sweta la njano. Watu wamesifu. Mama mkwe wa Salma kalishikashika, akauliza limenunuliwa wapi, nikajibu kwa adabu zote kuwa nimelifuma mimi, ingawa kifua kilikuwa kimevimba.

Hamisi kala, kanawa, kaanza kutazama saa. Begi la Mama liko mlangoni. Salma akasema, kabla Bibi hajaondoka, ampakate kitukuu chake.

Tukamweka mtoto mapajani mwake. Kamtazama vizuri, akatabasamu. Kisha nikaona kidole chake kinapita kwenye pindo. Kinakwenda, kinarudi. Nikajua. Nilikuwa hatua mbili tu. Ningeweza kumnyang'anya mtoto.

Kauchomoa ule mwisho wa uzi kwa kucha. Mimi mwenyewe nisingeuona. Kavuta. Trrr, mstari wa kwanza. Mama mkwe akasema "Yewe!" na mkono mdomoni. Salma akaruka kutoka kwenye mkeka. Hamisi akaja mbio, dada, dada, mzuie.

Mama wala hakuwasikia. Kavuta mstari wa pili, wa tatu, uzi ukawa mrefu hewani. Akainua uso, akanitafuta katikati ya wale watu wote, akaninyooshea uzi.

"Mwamini," akasema. Jina langu. "Zungusha. Pole pole, usije ukakatika."

Ilikuwa kazi yangu hiyo. Yeye anavuta, mimi nazungusha donge. Nikiwa mdogo kiasi cha kukaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mbele ya magoti yake. Siku zote hizi alikuwa anavuta na kuzungusha peke yake, mikono miwili kwa kazi ya watu wawili, na mimi niko hapo hapo ndani namgombeza.

Nimekaa chini. Na gauni langu la sherehe, sakafuni, mbele ya wakwe. Nimeshika uzi nikazungusha. Mtoto kaanza kuonekana kitovu. Mtu mmoja akacheka, kisha Salma akacheka, kisha akalia. Mimi nilishaanza zamani kulia.

Hamisi kasimama na begi mkononi. Nikamwambia alirudishe ndani. Akauliza, una hakika, dada? Nikamwambia asinisemeshe, uzi utaniponyoka.

Jumatatu, 3 Novemba

Mvua imekatika. Salma kaniachia sweta, mtoto kaondoka amefunikwa kitenge.

Asubuhi nimefuma pindo. Nimelishusha zaidi kidogo, atarefuka. Mama kaketi mbele yangu, mikono imetulia, ananingoja nimalize.

Baada ya uji nimempa ule mwisho wa uzi. Mimi nimekaa kwenye ndoo.