Mize, Gari Lilikuja

Mdogo wangu Mize,

Assalaamu alaykum, ingawa sijui salamu ya karatasi inafika vipi huko uliko. Nimemuuliza shehe wetu, kaniambia maiti anafikiwa na dua, hafikiwi na barua. Nikamwambia basi stempu nisibandike. Hakucheka. Siku hizi mzaha wangu hauchekeshi mtu, hata mie mwenyewe nnausikia kama debe tupu linagongwa.

Nnakwandikia kwa sababu liko neno nimelificha tangu siku ulipotutoka, na limenioza ndani. Mama halijui. Kijiji chetu kizima cha Ole hawalijui. Analijua Mzee Shaame mwenye lori tu, na yeye kanyamaza. Nataka kulisema, na nnaanza kwako maana weye ndiye niliyekudhulumu.

Unaikumbuka likizo yako ya mwisho? Ulishuka kutoka Unguja, mwaka wa pili wa kusomea unesi, umevaa viatu vyeusi vya kufunga kamba. Mama akakwambia, "Vivue mwanangu, watu watasema nimezaa polisi." Ukavivua, ukapanda jamvini kuchambua karafuu pamoja nasi kama hukwenda popote.

Na ulikuja na daftari. Mle uliandika namna ugonjwa unavyouingia mwili na unavyokwenda mpaka mwisho wake, ukurasa mmoja Kizungu walichokusomesheni, wa pili Kiswahili chako mwenyewe. Nikakuuliza kwani kazi mara mbili ya nini. Ukasema, "Kaka, kwa Kizungu n'tafaulu mtihani. Kwa Kiswahili n'tamuuguza Mama." Mie darasa la nne, lakini herufi nnazijua, basi ukanifanya mwalimu wako. Mikono yako inachambua karafuu, mie nimeshika daftari nnakuuliza, na ukikosea nnakurushia konyo la karafuu kichwani. Raha iliyoje! Mtu aliyefukuzwa skuli kwa kuuza mayai darasani anamtahini nesi!

Nikasoma, "Taja alama za mwili kupigana na adui."

Ukasema bila kuinua kichwa, "Wekundu, joto, uvimbe, maumivu, na kiungo kukataa kazi."

"Nani kakataa kazi?"

"Guu lako lile ulipochomwa na mwiba, ukalala siku tatu, Mama anakulisha kama bwana harusi."

Ukanieleza. Mwiba umeingia na uchafu, mwili umepiga mbiu, damu imekimbilia pale, ndiyo maana pakawa pekundu na pa moto. Askari wa mwili wakaja kupigana. Nikakuuliza, "Na ule usaha?" Ukasema, "Usaha ni maiti za askari wako, kaka." Nikakwambia kumbe kulikuwa na vita guuni mwangu na sikupewa hata cheo. Ukacheka mpaka karafuu zikamwagika, Mama akatugombeza sote wawili.

Uliniambia mengi. Kwamba homa yenyewe si ugonjwa, ni mwili umewasha moto kumchoma mgeni. Kwamba ugonjwa una njia yake kama mtu anayekwenda Wete: una pa kuanzia, una pa kupita, na mwenye macho anaweza kukutana nao njiani kabla haujafika. Wakati ule nilikuwa nnauza kwenye baskeli: sabuni, vitana, makubadhi, na ile dawa ya kuchua ya chupa nyekundu. Ukaikamata chupa, ukainusa. "Hii ya ugonjwa gani?" Nikakujibu, "Wowote ulio nao." Ukanitazama. Ukasema, "Kaka, siku moja mtu atakuamini."

Kuna somo moja nililokushinda kwa mzaha. Mize, nnalikumbuka neno kwa neno. Ulisema watu wa kwetu tuna kosa moja la ulimi. Mgonjwa akipata nafuu tunasema kapoa. Mwili ukiwa baridi, tunasema vile vile, umepoa. Ukasema, "Joto likishuka polepole na mgonjwa akaomba uji, hapo kapona, mpikieni. Lakini maumivu yakikatika kwa ghafla, ngozi ikawa baridi na majimaji, mshipa wa mkono ukawa mwembamba na unakwenda mbio, hapo mwili umeishiwa. Huyo hajapoa kwa uzima. Huyo mkimbizeni." Ukanitaka nilirudie. Mie nikakwambia, "Akichemka mgonjwa, akipoa mgonjwa, nyie manesi mnataka watu wawe vuguvugu kama chai ya mkahawani?" Ukacheka, ukanipiga kofi la bega, na somo likaishia hapo. Sikulirudia. Na weye hukunishikilia, kwa sababu ulikuwa unacheka.

Likizo ile ile, siku ya kwanza ya ugonjwa wako, tumbo lilikushika asubuhi, kitovuni. Mama akasema ni mchango. Bi Time jirani akaja na mafuta akitaka kukukanda, ukamshika mkono kwa adabu, ukamwambia, "Bibi, tumbo hili halikandwi." Akakasirika, akasema skuli imekuharibu. Kesho yake maumivu yakawa yameshuka, yako chini kulia, na huwezi kunyoosha guu. Mama kakuandikia kombe, aya za Kurani kwa zafarani sahanini, ukalinywa lote mpaka tone la mwisho, ukasema, "Kombe nimekunywa, Mama. Na gari pia nnalitaka." Kisha ukaniita mie. "Kaka, hiki kidole tumbo. Nipeleke spitali Wete wanipasue leo. Leo, kaka."

Neno la kupasua likanitia baridi. Unajua watu wetu wanavyosema, kwamba anayeingia kule kwa miguu yake hutoka kwa mabega ya wenziwe. Lakini nilipanda baskeli. Hilo ulishuhudie kwa Mola wako, kwamba nilipanda, na nilikwenda mbio mpaka mnyororo ukakatika, nikaisukuma na kuikimbiza.

Nilimkuta Mzee Shaame Mgogoni, lori limejaa magunia ya karafuu, anataka kuyafikisha kabla ya mvua. Nikamwambia, "Mzee wangu, Mize." Sikumaliza. Aliwaita wapakiaji, akasema, "Shusheni."

Wakamwambia, "Mzee, yote?"

"Kitanda kitalala juu ya magunia? Shusheni yote!"

Hakuniuliza lolote jengine. Njia nzima hakusema ila "Ya Latifu, ya Latifu." Lori likaja Ole, Mize. Likasimama barabarani pale njia ya kwetu inapoanzia, maana ndani halipiti, na barabarani hapana mtu, wote wako mashambani kuchuma karafuu. Mashine inanguruma. Kabla ya adhuhuri. Gari lilikuja.

Nikakimbia nyumbani. Mama hayupo, kenda kutafuta watu wa kubeba kitanda. Uko peke yako chumbani, umelala chali, umenyoosha guu. Guu lile lile lililokataa kunyooka! Uso umetulia. Nikakushika paji la uso, limepoa, lina jasho. Nikakwambia, "Mize, gari liko nje." Ukafumbua macho, ukasema kwa sauti ndogo:

"Kaka, nnapoa."

Basi mie nikasikia neno la nyumbani. Nikasikia lile ambalo Mama hulisema akinyanyuka kitandani, lile ambalo bibi zetu wote wamelisema. Nikasema alhamdulillahi, nikakubusu mkono, na mkono ulikuwa baridi kama samaki. Nikafurahi kwa ubaridi wake. Nikatoka mbio mpaka barabarani nnacheka peke yangu, nikamwambia Mzee Shaame, "Nenda mzee wangu, karudie magunia yako. Kashapoa!"

Mzee Shaame hakuondoka mara moja. Alisema, "Makame, maadamu nimeshakuja, tumpeleke tu wamtazame."

Na mie nikamfanyia mzaha. Nikamwambia, "Unataka kumpasua mtu mzima, mzee? Weye dereva au mchinjaji?" Akacheka kidogo, mzee wa watu. Akaondoka.

Mama alirudi na vijana wanne. Nikawaambia umepoa, na Mama akasujudu palepale mlangoni. Tukakaa nje tukinywa kahawa. Kahawa, Mize. Nilikuwa nnawahadithia vijana habari za mnyororo wa baskeli, wanacheka, na weye uko ndani.

Ilipofika alasiri Mama akaingia na uji, akapiga ukelele. Tumbo limekuwa gumu kama ubao. Unahema juu juu, midomo imebadilika rangi, na ukiitwa unaitika maneno ambayo si yetu, ya Kizungu. Labda ulikuwa kwenye mtihani wako. Mama akanigeukia. "Makame, gari! Gari li wapi?"

Nikasema, "Mama, gari nimelikosa. Mzee Shaame kakataa. Ana mizigo yake."

Sikuwaza. Ulimi wangu umezoea kuuza, ukamuuza Mzee Shaame kabla sijauzuia. Tukakubeba juu ya kitanda kwa miguu, tunapokezana, kuelekea Wete, na kabla jua halijatua Mama akasema tusimame. Tukasimama. Nilikuwa nimeshika upande wa kichwa.

Tangu siku ile nnajiuliza swali moja tu, ulikusudia poa ipi? Kama ulikuwa unaniambia somo, kwamba mwili unapoa, niwahi, basi nimekuua na daftari lako nimelishika mkononi. Kama maumivu yalikatika kweli, na weye mwenyewe ukadanganyika ukadhani umepata nafuu, basi hata nesi alikosea, na mie nnaweza kulala. Nimesoma daftari lote, Kiswahili chote, hata Kizungu nisichokijua nimekisoma herufi moja moja nikitafuta jibu. Hamna. Mtihani huu mwenye kunisahihishia keshakwenda zake.

Na usidhani nnakulilia weye peke yako, ingawa ingetosha. Mama anapita mbele ya Mzee Shaame na hamwitikii salamu. Mzee anasema, "Masalkheri Bi Mkubwa," na Mama anatazama mnazi. Majirani nao wamemsusa, lori lake hawalipandi, harusi hawamwiti. Zama hizi ndugu kwa ndugu hawazikani kwa ajili ya vyama, kwa hiyo watu wa mbali wanadhani ni siasa. Si siasa. Ni mie. Na yeye hajafungua mdomo, hata wapakiaji wake kawakataza. Nilimfuata mara moja, nikamwambia, "Mzee wangu, kwa nini husemi?" Alikuwa anafuta kioo cha lori. Akasema, "Mama yako kabakiwa na mtoto mmoja. Nikisema, atabakiwa na nani?" Akaendelea kufuta kioo.

Mize, neno lile lilinimaliza. Ningependa angenipiga.

Sasa nimekuwa mtu wa ajabu. Nnapita na baskeli, watoto wananikimbilia, "Makame, tuchekeshe!" na nnawachekesha, kisha nnakwenda kujificha nyuma ya migomba. Chupa nyekundu nimezimwaga zote. Nnahofia kupona kwa mtu yeyote. Mtoto wa jirani alipona homa majuzi, mama yake akatoka nje akiimba "kapoa, kapoa", nikaingia kwao bila hodi nikamshika mtoto mshipa wa mkono, nnahesabu, wakadhani nimepatwa na shetani. Mtoto alikuwa anaomba uji. Alikuwa mzima. Nikakaa chini kwenye vumbi la uwanja wao, nikalia, na hakuna aliyejua nnalia nini.

Mwanzo barua hii nilitaka nikaizike pale kichwani pa kaburi lako, yaishe. Lakini ikizikwa, Mzee Shaame atabaki vilevile, na Mama ataingia kaburini na chuki ya mtu aliyeshusha magunia yote kwa ajili ya binti yake. Basi nimeona barua hii iwe wazi. Mama hasomi herufi hizi, lakini masikio anayo.

Jana aliniona nnaandika, akaniuliza, "Unamwandikia nani?" Nikasema, "Mize." Nilidhani atanigombeza. Aliiweka chini nazi aliyokuwa anaikuna, akasema, "Umemwambia nini?" Nikamwambia, kesho baada ya alasiri n'takusomea. Kisha nikaenda kwa Mzee Shaame, nikamwomba aje naye akae. Alikataa. Nikamwomba tena. Alinitazama sana, akasema, "Ukishasema, mwanangu, hutoweza kulirudisha." Nikamwambia nnajua, kuna jengine nililolisema siku moja na sijaweza kulirudisha hadi leo.

Sitegemei msamaha. Mama akinifukuza n'taondoka na baskeli, Pemba si ndogo hivyo. Akinyamaza itakuwa vibaya zaidi, na huenda ndivyo atakavyofanya. Weye huna la kujibu. Nnakuombea Mola akuweke pahali pa raha, pasipo na joto wala baridi, na akusamehe kwa kunipenda kiasi cha kuucheka mzaha wangu badala ya kunishikilia nirudie somo.

Alasiri imeshaswaliwa. Mama katandika mkeka, kajifunika kanga mpaka kichwani, anasubiri.

Mzee Shaame kapiga hodi. Mama kamjua sauti, kageuza uso ukutani, hakuitika.

Nimeitika mie. Karibu, mzee wangu. Kaa hapa karibu na Mama. Nnasoma.

Kaka yako wa tumbo moja,
Makame