Matope ya Mjomba

Likasi, Shituru, Jumapili mchana

Yaya, dada yangu mkubwa,

Goti linaendeleaje? Na watoto, homa imewaacha? Mimi ni mzima, kazi ya redio inasonga, na umeme bado unakatika katikati ya taarifa ya habari. Nakuandikia kuhusu lile gunia ulilotuma kwa lori kutoka Kalemie, zile simu mbovu na kompyuta za parokia ambazo mjomba alikuomba. Nina hasira, lakini nitakueleza kwa mpangilio.

Tangu mjomba astaafu kwenye kiwanda cha shaba, hajui kutulia. Sasa amefungua kiwanda chake uani. Anachoma vile vibao vya kijani vya ndani ya kompyuta, anaviponda, anavitia kwenye asidi ya betri ndani ya pipa la plastiki. Maji yakigeuka buluu, anatumbukiza misumari ya kutu, na baada ya siku mbili shaba imeshika chuma, nyekundu kabisa. Ndivyo walivyofanya kiwandani. Kinachobaki chini ya pipa anakiita "boue", matope, kwa sababu kiwandani matope yalikuwa uchafu wa kutupwa.

Mnunuzi ni bwana mmoja wa pikapu, mpole, anayemwita mjomba "Papa ingénieur", yaani baba mhandisi. Shaba anainunua kwa bei ndogo. Matope anayachukua bure, eti kumsaidia mzee kusafisha uwanja. Mama Régine, mke wa mjomba, anayekohoa ule moshi tangu mvua zianze, alikuwa akimpikia bukari, ugali wetu, na samaki kwa shukrani.

Katika kazi yangu sijawahi kukutana na mtu anayebeba uchafu wa mwenzake kila juma kwa wema tu. Nilichota konzi moja ya matope, nikaipeleka kwa mwalimu wa kemia, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Aliiosha polepole kwenye sahani ya bati. Chini yakabaki maganda membamba ya manjano.

"Asidi ya mzee inakula shaba," alisema. "Dhahabu ya mu vibao haiigusi. Inabaki mule mu matope."

Mjomba alikataa hata kutazama. "Minye nilitumika ku usine ya shaba miaka makumi tatu. Boue ni boue!"

"Basi angalia sahani tu, mjomba."

Aliangalia. Akakaa juu ya ndoo mpaka mama Régine akamuuliza kama anaumwa.

"Mapipa sita iliisha kwenda," akasema. "Na ni minye nilimusaidia kupakia."

Jana yule bwana akaja. Mapipa matatu ya matope yalikuwa yamejaa.

"Leo boue inabaki," mjomba akamwambia.

Akacheka. "Papa ingénieur, utaifanya nini? Utapika nayo bukari?"

"Bukari ulishakula hapa," mama Régine akajibu kutoka mlangoni. "Toka!"

Hapo akaacha kucheka. Akasema bila matope hanunui tena shaba, na wanunuzi wengine wa Likasi atawaambia vilevile. Nilimuuliza kama alijua kilichomo. Akajibu, akimtazama mjomba, kwamba kila mtu ajue kazi yake. Yaya, alimwambia hivyo mtu aliyetumia maisha yake yote kutoa shaba kwenye mawe!

Kuitoa dhahabu kunataka asidi nyingine, kali zaidi, na mwalimu amekataa kumfundisha kwa sababu moshi wa asidi hiyo ni sumu. Kwa hiyo mapipa yapo uani chini ya mabati, na shaba haina mnunuzi. Mjomba anasema ni afadhali hivyo. Namuunga mkono, ingawa mama Régine ndiye atakayepika bila mafuta.

Nisalimie shemeji, mama mkwe wako, na jirani yetu muuza dagaa. Padri aliyetoa kompyuta mweleze yote, asisikie kwa wengine.

Mjomba naye anakusalimu. Anasema gunia la pili, lile uliloanza kukusanya, usilitume. Lifungue, uwaonyeshe watoto ile mistari ya manjano pembeni mwa vibao, na uwaambie inaitwa nini.

Mdogo wako,
Espérance