Nimeupogoa Mzabibu wa Nyumba Ambayo Bado si Yangu

Mpendwa mshauri, Shangazi Loisi,

Shikamoo. Naomba msaada wako, na unisamehe kama barua hii itakimbia, maana hata mimi mwenyewe siku hizi natembea kama mtu anayekimbia. Nina furaha ambayo sikuijua tangu nimzike mume wangu, na ndani ya furaha hiyo hiyo nimefanya jambo ambalo huenda limeniharibia kila kitu.

Mimi ni mshonaji, naishi Kizota hapa Dodoma kwenye vyumba viwili vya kupanga. Mume wangu Batholomeo alikuwa seremala wa milango na madirisha, na alikuwa na tabia moja iliyowachekesha watu: akikaribishwa kwenye nyumba yoyote hasalimii kwanza, anaufungua mlango na kuufunga, anausikiliza, ndipo anakumbuka kuwa kuna wenyewe. Alikuwa akisema kwamba mlango hausemi uongo, nyumba ikiwa imekaa vibaya mlango ndio wa kwanza kulalamika. Tulikuwa tunaweka akiba ya nyumba yetu, akafa kabla, na ile akiba ikabaki benki nami nikawa siitazami, kwa sababu kila nikiwaza nyumba nilikuwa namwona yeye anahangaika na mlango wake.

Sasa mwenye vyumba anavitaka vyumba vyake, amenipa mpaka mwisho wa mwezi ujao, na simlaumu, mji umebadilika, tangu Bunge lianze kukaa kwetu kila mwenye ukuta na paa anatafutwa, watu wanatoka Dar es Salaam na Arusha wanaulizia nyumba kama sisi tulivyokuwa tunaulizia sukari enzi za foleni. Ndipo dalali mmoja anaitwa Yahaya akanipeleka Makole, kwa Mzee Mbwana, mgane ambaye wazee wake walikuja hapa na misafara ya biashara, anauza nyumba ili aende kukaa na binti yake Manyoni.

Shangazi, nilipofika sikujua mkono wangu unafanya nini, niliufungua mlango na kuufunga. Ulifungika taratibu, bila kugusa sakafu, na mimi nikacheka kwa sauti mbele ya mwenye nyumba hata sijasema shikamoo. Yahaya akakohoa kama aliyepaliwa. Tulipotoka nje akanigombeza njia nzima. Alisema, “Mama Frida, umeniua. Nyumba inatafutwa na mji mzima, wewe unaichekea kama bibi harusi. Mnunuzi wa kweli anakunja uso, anasema paa limechoka, anasema choo kiko mbali.” Nikamwambia choo hakiko mbali. Akasema ndiyo hayo anayoyasema.

Lakini sikuwa nacheka tu. Nilimtafuta mjumbe wetu wa zamani anayefahamiana na mjumbe wa kule, tukaonyeshwa mawe ya mpaka moja moja, nikawauliza majirani kama kuna ugomvi wa kiwanja, nikaenda ofisi ya ardhi kuulizia hati. Halafu ile mvua kubwa ya mwisho iliponyesha nikachukua mwavuli nikaenda kusimama nje ya ua nione maji yanapita wapi. Mzee Mbwana akaniona dirishani, akaniita nikae barazani, akasema, “Mama, mvua hainunui nyumba.” Nikamjibu, “Ndiyo, baba, lakini inaifahamu kuliko mimi.” Akacheka, na jirani aliniambia baadaye kwamba hajamsikia akicheka tangu mkewe, Bi Mwanamvua, afariki.

Kuna wengine wanaoitaka nyumba hiyo, na mmoja ana uwezo kuliko mimi, bwana wa gari jeupe kutoka Dar es Salaam, anakuja na bahasha na anataka jibu papo hapo. Mzee hamjibu, wala hamkatai mtu. Kila anayekuja anamuuliza swali moja tu, ua wangu utaufanyia nini. Bwana wa gari jeupe alisema atamwaga saruji magari matatu yaingie. Mwingine alisema atajenga vyumba vya kupangisha wakati wa vikao. Mimi aliponiuliza nilitazama ule ua, kuna mzabibu mkubwa umefunika kichanja chote, umejaa matawi makavu, zabibu zake ndogo kama pilipili manga, nikasema nitaanika nguo, nitapanda mchicha, na jioni nitakaa hapo chini. Akaniambia nirudi Ijumaa baada ya swala tuzungumze.

Sasa ndipo penye kosa. Ijumaa ile nilikuwa natoka Mpunguzi kwa wifi yangu Anastazia, nilikwenda kumsaidia kupogoa mizabibu, kwa hiyo mkasi wa marehemu ulikuwa kwenye kapu. Nilifika mapema, mzee yuko msikitini, jirani akasema pita ukamsubiri uani. Nikakaa. Furaha ilikuwa imenijaa, Shangazi, nilikuwa nawaza cherehani yangu nitaiweka dirisha gani. Nikaona tawi moja kavu, nikalikata. Likaonekana la pili. Ni Batholomeo aliyenifundisha kupogoa, tulipokuwa wachumba, alikuwa anasimama nyuma yangu anasema acha macho mawili ya kuchipua kila tawi, usiuonee huruma, ukiuonea huruma hauzai. Nikawa namsikia kabisa. Sikusimama mpaka mzabibu wote umebaki vijiti vya kidole, na chini rundo la matawi limenifika magotini, na Mzee Mbwana amesimama mlangoni na kanzu yake.

Hakupiga kelele. Angepiga ningejua pa kushika. Alisema, “Huu aliupanda Mwanamvua. Tangu afe sijamruhusu mtu kuugusa.” Kisha akasema, “Nenda nyumbani, mama.”

Nikazoa yale matawi yote nikayafunga na khanga nikaondoka nayo, nilidhani angalau nimwachie ua safi. Nyumbani nikashindwa kuyachoma. Mikono ikachagua vipande vizuri, ikavikata urefu wa shubiri, ikavichomeka kwenye debe la mchanga wenye maji, kama tulivyozoea. Viko hapo nyuma ya mlango, sijui vya nini.

Yahaya anasema nimejifukuza mwenyewe, nisahau. Wifi anasema niongeze bei haraka kabla bwana wa gari jeupe hajakubaliwa, hata kama ni kwa kukopa fedha kwake yeye wifi. Binti yangu Frida, aliye chuo cha ualimu, anasema nimwandikie mzee barua. Mzee mwenyewe hajauza, Yahaya akimfuata anaambiwa subirini. Na mimi, niseme ukweli, bado nina furaha, nikipita Makole moyo unaruka, halafu nakumbuka vile vijiti nataka ardhi inimeze. Je, mimi ni mnunuzi wa kweli, au ni mjane aliyechanganyikiwa kwa kuona mlango mzuri? Nifanye nini nisiikose nyumba hii?

Ni mimi Mama Frida,
Kizota, Dodoma.


SHANGAZI LOISI ANAJIBU

Marahaba, Mama Frida. Pole kwa kufiwa, na hongera kwa kufurahi tena. Usiione haya hiyo furaha. Nitakugombeza kwa mengine.

Mwanamke mzima, unaingia ua wa mtu, mwenyewe yuko kwenye swala, unatoa mkasi. Ungekuta sufuria jikoni ungepika? Tena mjane peke yake uani kwa mgane, Ijumaa mchana, jirani anatazama. Kama Makole hawajakusema, basi wana adabu kuliko mtaa wangu.

Nimemaliza. Sasa sikiliza.

Unauliza kama wewe ni mnunuzi wa kweli. Yahaya amekudanganya, na nadhani anajua. Kukunja uso ni kazi ya dalali. Fedha yako iko mahali pamoja na haina mwenyewe mwingine. Umeonyeshwa mipaka, umewauliza majirani, umefika ofisi ya ardhi, umesimama kwenye mvua na mwavuli kuangalia maji. Nina wasomaji waliokwisha kulipia nyumba ambao hawajui hata jirani yao anaitwa nani. Yule bwana wa gari jeupe ana bahasha, na bahasha ni kitu kizuri, lakini aliulizwa swali moja tu na hakulisikia. Wewe ulilisikia. Ulichokosa ni kungoja, na asiyeweza kungoja hununua vibaya hata kama nyumba ni nzuri.

Usiongeze bei. Mwambie wifi yako nimesema hivyo. Kwanza utakuwa na deni kwenye nyumba ambamo hujalala. Pili, mzee ataona unamlipa fidia ya mkewe, na hapo utakuwa umemkosea mara mbili. Barua nayo usiandike. Barua ni nzuri kwangu mimi niliye mbali. Mtu wa Makole anafuatwa Makole.

Na sasa nikuambie kitu ulichokiandika mwenyewe bila kukiona. Umeniambia mzee huyu anauza, na wanunuzi wamejipanga, na binti yake anamsubiri Manyoni, na bado kila siku anasema subirini. Anasubiri nini? Hawezi kuondoka, Mama Frida. Nyumba anaweza kuiacha. Mkewe yuko kwenye kile kichanja, na kichanja hakipandi treni. Ndiyo maana anauliza habari za ua. Ndiyo maana mzabibu uliachwa ukajisonga wenyewe mpaka ukazaa pilipili manga. Wewe unajua jambo hilo kuliko mimi, wewe uliyekuwa na fedha benki ukashindwa kuzitazama.

Halafu unaniambia una debe nyuma ya mlango na hujui la nini.

Mimi nimekulia Bihawana, najua kidogo mambo ya mizabibu. Kama uliacha macho mawili kama alivyokufundisha marehemu, basi barua hii itakapochapwa ule mzabibu utakuwa umeanza kuchipua, na mzee atakuwa ameamka asubuhi moja akakuta majani ambayo hajayaona tangu mkewe awe hai. Hilo litakusemea zaidi ya Yahaya. Na vile vipando vyako, kama ulivimwagilia, navyo vitakuwa vimefumbua macho. Lakini si vyako. Ni vya Bi Mwanamvua. Ulibeba mali ya watu kwenye khanga, kwa nia njema, nayo inarudishwa.

Fanya hivi. Usiende peke yako. Nenda na shemeji yako, mume wa Anastazia, au yule mjumbe, na nenda jioni baada ya alasiri, wakati watu wako barazani na wanaona. Yahaya abaki nyumbani. Vaa kawaida. Beba lile debe. Mwombe radhi mzee kwa kuugusa mzabibu bila ruhusa, kwa maneno machache, usijitetee kwa kusema mikono ilifanya yenyewe. Kisha mwekee debe mbele yake umwambie kwamba hivi vimetoka kwenye mzabibu wa Bi Mwanamvua, vinaweza kusafiri, na ardhi ya Manyoni inavipokea. Mfundishe namna ya kuvifunga kwa gunia lenye unyevu ili vifike. Halafu nyamaza. Habari ya nyumba usiitaje, hata moyo ukiruka. Uruke huko huko ndani.

Akiitaja yeye, hapo uwe mnunuzi. Mtajie bei moja, ile unayoiweza, usipande na usishuke. Muulize kama mirathi ya marehemu mkewe imekwisha na kama watoto wote wanajua kwamba nyumba inauzwa, na uombe yule binti wa Manyoni aje atie sahihi kama shahidi. Usione aibu kuuliza, mzee mwenye adabu ataona una akili. Mkataba uandikwe mbele ya mjumbe na mashahidi wa pande zote mbili, fedha ipite benki, na jina kwenye hati libadilishwe kabla hujahamisha hata cherehani. Wakati huo huo tafuta chumba cha muda hata kwa Anastazia, ili mwisho wa mwezi usikusukume.

Na kama atamuuzia yule wa gari jeupe, debe unamwachia vilevile. Usibaki na kipando hata kimoja mpaka akupe kwa mkono wake. Utalia njia nzima mpaka Kizota, kisha utatafuta nyumba nyingine, na utaipata, kwa sababu sasa unajua unachokitafuta.

Lakini mimi nadhani atakuambia ukae.

Jambo la mwisho. Najua ukifika pale mkono utakwenda kwenye ule mlango, na najua ni mkono wa nani. Uzuie. Salimia kwanza.