Ufito Mgumu Niliokuletea Aija

Baba,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo kisha nikaiweka kalamu chini, kwa mazoea, nikingoja marahaba yako.

Ni miezi minne sasa tangu tukuzike. Nyumba yako ya pwani, huko Aija, tumeifunga. Godoro amepewa jirani, na ndoo yako ya chambo nimekuja nayo huku Nizwa. Nilidhani nikiwa nayo karibu nitapata nafuu. Sijapata. Kila asubuhi naichungulia, kama mtu mwenye wazimu, nione kama mna dagaa ndani.

Nakuandikia kwa sababu ya ule ufito wa kuvulia.

Unaikumbuka siku uliyoniagiza? Kiharusi kilikuwa kimeshakuachia mkono wa kulia uliokufa ganzi, huwezi tena kuvua kwa mshipi mtupu. Mimi nilikuwa jikoni kwako nakaanga samaki wa kununua, nawe umekaa mkekani mlangoni, umeudhika kula samaki wa kununua. Ukasema, "Mwanangu, ukifika Matrah nitafutie ufito wa dukani, wenye gurudumu la kukunjia mshipi. Nataka kolekole mmoja tu kabla sijafa, kwa chambo cha dagaa mzima, anayeogelea. Kolekole ni mkubwa, lakini wa kuonewa huruma ni yule dagaa." Mafuta yalikuwa yanaruka. Nilisikia kolekole mkubwa. Ya dagaa niliyacheka, nikageuza samaki.

Huko Matrah, Mhindi mwenye duka alinitolea fito mbili. Mmoja ncha yake ilikuwa nyembamba, ukiugusa unatetemeka. Akanisukumia huo, kwa Kiarabu chake cha kuokoteza: "Huu kwa samaki hai, mama. Hai!" Sikumwamini. Niliona kitu cha kuchezea watoto. Basi nikafanya kama afanyavyo baba mkwe wangu sokoni Nizwa anapochagua bakora. Nikaushika ule mnene, nikausimamisha sakafuni, nikauegemea kwa uzito wangu wote. Haukupinda. Nikasema, huu ndio. Nasoro, mume wangu, akanitania pale pale: "Wa kuvulia huu, au wa kumpigia samaki?" Nilimnunia njia nzima ya kurudi, mpaka tukaupita mji wa Samail.

Ulipoupokea uliutikisa mara moja tu, kwa mkono wa kushoto. Macho yako yakaenda kwenye ncha, yakakaa pale. Halafu ukasema, "Mashallah, mwanangu. Huu umeshiba." Ukanibusu kichwani. Nikarudi Nizwa nimejaa fahari.

Nilipokuja tena, vidole vyako vilikuwa na madoa mekundu. Nilikaa nawe dirishani penye mwanga, nikakutoa vijiba vyembamba kama nywele, kimoja kimoja. Nikakuuliza vya nini. Ukasema, "Miba ya samaki hiyo." Nikafurahi, Baba. Ulikuwa unaumia mikononi mwangu, nami nafurahi kwamba unavua.

Siku ya tatu ya msiba, wageni walipokwisha kuondoka, jirani yako Ami Hamdani alikuja mlangoni na ule ufito. Alikuwa amekuwekea kwake. Niliona ncha imechongwachongwa, nikadhani panya. Akaniambia, "Panya gani, binti? Babako huyo."

Akanieleza yote. Kila Ijumaa baada ya sala mlikwenda pamoja ukingoni mwa hori, pale bahari inapoingia nchi kavu. Ukitupa, ufito haupindi, dagaa anachanika mdomo, anaruka peke yake na ndoana inabaki tupu. Akibaki ndoanani, anafika majini ameshakufa. Mara moja tu kolekole alikuja, akauma, akahisi ugumu, akatema. Ami Hamdani akakuambia umrudishie binti akabadilishe. Ukamjibu, "Amenichagulia kwa mikono yake. Nitamrudishiaje?" Ukaubana magotini, ukachukua kisu kwa mkono wa kushoto, ukaanza kuichonga ncha iwe nyembamba, kama mlivyokuwa mkichonga fito Unguja. Lakini huu si mti, Baba. Ni nyuzi za kioo. Zikakuingia vidoleni.

Haikuwa miba ya samaki.

Mikono yangu iliyokutoa vijiba vile ndiyo iliyouchagua ufito ule. Nalala na hilo, naamka nalo.

Ungeniambia. Samahani, lakini ungeniambia tu. Nizwa na Matrah si mbali, ningekwenda kesho yake. Ulinistahi mimi, ukakosa kolekole wako, na sasa nimebaki na hiyo heshima, niifanye nini? Watu wakinipa pole nasema alhamdulillah, kwa sababu ndivyo inavyosemwa. Ndani hamna kitu.

Mwezi uliopita nilirudi dukani. Yule Mhindi hakunikumbuka. Nikaomba ule mwembamba. Niliibonyeza ncha kiganjani ikanyenyekea. Nikauvuta katikati, nikakuta nguvu zote ziko huko, zinamngoja mkubwa. Ncha ya dagaa, kiuno cha kolekole. Ndilo ulilokuwa ukiniambia mlangoni. Kulielewa hakukuchukua hata muda wa kunywa kikombe cha kahawa.

Niliununua, na sasa ule mwembamba umesimama nyuma ya mlango wangu, kando ya ule mgumu. Watoto wanauliza ni wa nani, nami nageuza maneno. Nasoro hajui kuvua. Mimi sijui. Hapa Nizwa maji ni ya falaji, mfereji wa kunyweshea mitende, na samaki wake hawazidi kidole.

Kwaheri, Baba. Mungu akupe kila ulichokosa kwangu. Ahadi niliyo nayo ni ndogo: wanangu wakiniletea kitu kisichonifaa, nitawaambia siku hiyo hiyo, hata wakilia. Na ufito wako uliouchonga sitautupa, wala sitaulainisha. Jana niliupitisha mkono kwenye ncha. Bado unachoma. Nitauacha hivyo.

Mwanao,
Zuwena