Kibuyu Hakili Uji

Lionja, Nachingwea
16 Juni 2024

Mpendwa dada Dionisia,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini u mzima huko Nkowe, na goti la shemeji Eustakio limepungua maumivu. Sisi hatujambo, ufuta tumeshakata, tumeusimamisha ukauke. Nimeandika kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, na mimi ningelia.

Kwanza ahsante kwa mapokezi siku ya watoto wa vigango vya parokia. Pilau lilitosha, na watoto wangu wa mafundisho walifurahi kumwona Kanjuga, kikaragosi chetu, mbele ya umati ule. Unajua nilivyomtengeneza: kichwa kibuyu kidogo, mikono soksi, njuga kiunoni. Watoto wa huku hawamnyamazii hata katekista, lakini njuga zile zikilia wanakaa chini wenyewe.

Uliponiomba umshike wewe, mimi nikae nyuma ya kanga nipige ngoma na kuongoza kiitikio, sikuona tabu. Ulisema somo ni amri ya kwanza, kutoabudu sanamu, na wimbo ni mpya, nitausikia hapo hapo. Kiitikio ulinipa: kibuyu hakili uji. Nilicheka, dada. Nilikiona kizuri.

Ndipo ukaimba habari za mama aliyefiwa na mtoto, akavisha kibuyu nguo, akakiita mwanangu, kila asubuhi akakiwekea kikombe cha uji. Ni yale yale yangu mwenyewe niliyokuambia jikoni kwako msimu wa korosho, ukaniapia hutamwambia hata shemeji. Jina hukutaja. Watoto mia na ushee wakacheka, wakageukia kanga wakisubiri sauti yangu, nami nikaitikia: "Kibuyu hakili uji." Mara nne niliitikia. Mkono ulikuwa unapiga ngoma wenyewe.

Baadaye ulinifuata ukasema, Koleta, usichukie, somo limeingia, huenda limekusaidia na wewe. Limeingia kweli. Jana binti wa jirani yangu Tabitha aliuimba akiruka kamba mlangoni kwangu. Nimeumia, dada. Angenifanyia mtu baki ningesahau, lakini wewe ndiye uliyempakata Rahel wangu siku anabatizwa.

Kuna jambo sikukuambia siku ile jikoni, niliona haya. Gauni la Kanjuga ni lile jeupe la ubatizo ulilomnunulia Rahel kule Ruangwa mjini. Nililipunguza mikono nikalitia rangi ya bluu, ndiyo maana hukulitambua. Ndilo ulilokuwa umelivaa mkononi ukiimba.

Kanjuga ulibaki naye, ukasema utamtumia Jumapili mbili. Kibuyu kaa nacho, na njuga pia. Gauni nirudishie kwa mkono wa mzee Felisian aliyekuletea barua hii. Usilifue, nitalifua mwenyewe.

Nisalimie shemeji na watoto. Mungu awalinde nyote hapo nyumbani.

Mdogo wako,
Mama Rahel