Waya Juu ya Ngano

Jumatatu, 4 Machi

Viwavi wamevamia ngano ya bondeni. Nimeruka na ndege asubuhi nzima kunyunyizia dawa, chini kwa chini, magurudumu yakikaribia kulamba masuke. Hakuna upepo. Kazi safi. Meneja wa shamba kafurahi, kasema tuendelee kesho. Nimerudi nyumbani nanuka dawa, mwanangu kakataa kunikumbatia mpaka nioge.

Jumanne, 5 Machi

Mwandiko huu sijui hata kama ni wangu.

Mume wangu ndiye fundi wa ndege yetu. Leo kabla sijapanda alikuwa anafuta vumbi kwenye mguu wa gurudumu la kushoto, anapiga mluzi kama kawaida yake. Mluzi ukakatika. Akaniita. Mchubuko — mwembamba kama wa wembe, rangi imebanduka mpaka kwenye chuma. Akaniuliza jana nilipita wapi. Bondeni, nikamwambia, njia zangu zile zile.

"Mke wangu, umegusa waya."

Nikabisha. Waya gani? Bonde lile nalijua ndani nje, halina umeme. Na ningesikia! Mshtuko, kelele, chochote. Sikusikia kitu. Jana nilikuwa naimba humo ndani. Nilipita mlangoni mwa kaburi naimba.

Nikakaa chini palepale kwenye mafuta. Leo sikuruka.

Jumatano, 6 Machi

Tumekwenda kwa gari kuangalia. Upo. Umevutwa wiki iliyopita kupeleka umeme kwenye pampu mpya ya mtoni. Waya mmoja tu, kutoka ukingo huu wa bonde hadi ule. Nguzo moja imemezwa na miti, ya pili iko nyuma ya banda la pampu. Sisi marubani hutafuta nguzo, maana waya wenyewe hauonekani. Sasa nguzo zikijificha, utafute nini?

Nimesimama chini yake. Mume wangu ananionyesha kwa kidole, mimi naona mbingu tupu. Nikasogea kidogo — huo hapo, mweusi. Nikasogea tena — haupo. Jua linachoma, na mimi nasikia baridi mgongoni.

Meneja kaomba radhi, eti alidhani watu wa umeme walituambia. Watu wa umeme nao, kwenye simu, walidhani meneja alituambia. Maboya mekundu ya kuning'iniza kwenye waya yatakuja, tusubiri foleni. Viwavi hawana habari ya foleni.

Alhamisi, 7 Machi

Nimekataa kuruka bondeni mpaka waya uwekwe alama. Nimesema mbele ya wote. Meneja kakunja uso. Kipanga ndiye aliyecheka.

Kipanga ni rubani mwenzangu, ndiye aliyenifundisha kazi hii. Kasema atamalizia yeye. Nikamsihi: kaka, ule waya hauonekani, mimi nimeugusa na sikuuona.

"Mdogo wangu," akasema, "nyoka ukishajua shimo lake, hakuumi."

Mume wangu naye kamsihi. Kajibiwa kwamba woga unaambukiza kama mafua, basi akae mbali na mimi. Watu wakacheka.

Jioni tumefunga mashuka mekundu kwenye nguzo zote mbili. Angalau hizo azione.

Ijumaa, 8 Machi

Naandika ndani ya gari, bondeni. Nimekuja na redio ya mkononi nimwongoze Kipanga. Mume wangu kabaki kiwanjani.

Mara ya kwanza kapita juu ya waya. Vizuri. Mara ya pili — chini yake! Nikadhani ni makusudi, mtu mwenyewe anapenda kujionyesha. Nikamwita, nikamwambia aache mchezo, watoto wake wanamngoja.

Halafu sauti ndogo, si ya Kipanga ninayemjua:

"Kwani nimeshaupita?"

Hakuuona. Wala alipopita juu, wala alipopita chini. Shuka moja limemezwa na majani, jingine na banda, hata mimi nikiwa hapa siyaoni sawasawa. Nikamwambia inatosha, kaka, rudi. Akageuza, akarudi kiwanjani. Nikashusha pumzi. Nikalia. Nikafungua daftari hili ili nitulie.

Mume wangu kapiga simu sasa hivi. Anahema. Kipanga kajaza dawa na karuka tena. Kaambiwa aache, kasema kimebaki kipande kidogo, hawezi kukiacha mbele ya wale waliocheka jana.

"Mikono ilikuwa inamtetemeka," kasema mume wangu. "Nimeiona. Lakini kapanda."

Namwita kwenye redio, kilima kinazuia, hajibu. Naita tena. Jua limehama, akija atakuja nalo usoni. Injini naisikia, iko upande wa pampu — chini mno. Natoka nje nikasimame katikati ya ngano, nimpungie apande juu, labda mimi ataniona